Pengo la Kiangazi: Kuchagua Maua Yatakayolisha Nyuki

Bustani nyingi huchangamka mwanzoni mwa msimu. Miti inachanua, vichaka vinachanua, kila mmea unashindana na mwenzake. Joto likikolea, petali zinapukutika, majani yanabaki, na katikati ya tuta panajitokeza kipara. Mwenye bustani anaona kipara hicho. Nyuki wanakutana na shida nyingine: wiki tatu au nne zisizo na chakula, tena wakati mzinga umejaa kuliko wakati wowote, kwa kuwa maua ya mwanzo wa msimu yamelea majana, yaani watoto wa nyuki, wengi ambao sasa ni nyuki wazima wenye njaa.

Kuna mapengo mawili basi, la nafasi na la muda, na kuziba la kwanza hakuzibi la pili. Watu wengi huenda kwenye kitalu cha miche siku ya mapumziko, wanachagua chungu chenye maua mengi siku hiyo, wanapanda, tuta linapendeza. Baada ya siku 14 ule mche umemaliza maua yake na kwa upande wa nyuki hakuna kilichobadilika. Anza na kalenda, jembe lifuate.

Chukua karatasi, chora mstari kwa kila mmea ulio nao, kisha utie alama kwenye wiki ambazo una maua yaliyofunguka. Usihesabu vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka wala maua yaliyoanza kunyauka. Ukimaliza, soma karatasi kutoka juu kwenda chini: wiki yenye alama chini ya mbili au tatu ndiyo wiki ya njaa. Kama bustani ni mpya na huna kumbukumbu, tembea mtaani katika wiki hiyo ya ukame, utazame ni mimea gani ya majirani inayovuma kwa nyuki. Simama dakika tano mbele ya kila mmea katikati ya asubuhi, siku ya jua na upepo mdogo, uhesabu wanaotua. Hesabu hiyo ya dakika tano ina thamani kuliko picha ya nyuki iliyochapwa kwenye lebo ya mche, maana lebo hiyo hubandikwa hata kwenye mimea ambayo nyuki huipita bila kugeuza kichwa.

Kwa nini mahali pale pako wazi

Kabla ya kuchagua chochote, jiulize kwa nini hakuna kitu pale. Kipara kilichotokana na mmea uliozeeka ni rahisi kukiziba. Kipara kilichoua mimea mitatu mfululizo kina sababu, na mche wa nne nao utakufa.

Chimba shimo la kina cha sm 30 na upana kama huo. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha jaza tena na upime kwa rula jinsi maji yanavyoshuka kwa saa moja. Yakishuka chini ya sm 2 au hivi, udongo unatuamisha maji, na lavenda, thaimu, rosmari na jamaa zao wote wataoza mizizi hapo, hata wakati wa jua kali. Yakipotea kama yamemwagwa kwenye mchanga, mimea yenye kiu kama dalia itakutumikisha kila jioni. Ukikuta mizizi ya mti au ya ua wa miti imejaa shimoni, hapo maji unayomwaga yananywewa na mwingine. Ukikuta tabaka gumu ambalo reki inagonga na kurudi, livunje mpaka sm 30 kabla ya kuendelea.

Kwa udongo mzito wa mfinyanzi, kosa linalorudiwa sana ni kuchanganya debe moja la mchanga na kutumaini mambo yatakuwa mazuri. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hauachi nafasi za hewa. Chembe za mfinyanzi zinajaza katikati ya chembe za mchanga na mchanganyiko unakauka ukawa mgumu. Ni bora kuinua tuta sm 20 hadi 30 juu ya usawa wa bustani na kupanda juu yake, au kukubali udongo ulivyo na kuchagua mimea inayouvumilia, kama vile sedamu ndefu na mnanaa.

Hesabu pia saa za jua. Karibu kila mmea nitakaoutaja unataka saa 6 au zaidi za jua la moja kwa moja. Nyuki nao wanapenda maua yaliyo juani na yaliyokingwa na upepo, kwa kuwa mwili uliopata joto unaruka kwa gharama ndogo. Kipara kilicho chini ya mti kinahitaji orodha nyingine kabisa, kama kampanula na digitali. Digitali ina sumu ikiliwa, kwa hiyo usiipande mahali penye watoto wadogo au mifugo.

Ua lenyewe lina nini

Nyuki anatafuta vitu viwili: mbochi, yaani nekta, ambayo ni nishati, na chavua, ambayo ni protini ya kulelea majana. Ua linaweza kuwa zuri sana na lisiwe na hata kimoja, au likawa navyo vyote na mlango ukawa umefungwa.

Mlango wa kwanza kufungwa ni wa maua yaliyofumbana, yale yenye petali safu juu ya safu. Petali nyingi kati ya hizo zilikuwa stameni ambazo wazalishaji wa mbegu wamezigeuza umbo kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi. Stameni ikiwa petali, haitoi chavua. Na kama mbochi bado ipo chini, njia ya kuifikia imezibwa. Hili linahusu dalia, zinia, kosmosi, hata ekinasea ambazo siku hizi zinauzwa zikiwa na kichwa kama shada la manyoya. Dawa yake ni nyepesi: nunua aina yenye safu moja ya petali na duara la katikati unaloliona wazi. Kama huoni katikati ya ua, nyuki naye haoni.

Mlango wa pili ni urefu. Ulimi wa nyuki wa asali una milimita 6 hadi 7. Nyuki wakubwa wenye manyoya wana aina zenye ulimi mrefu zaidi, wengine zaidi ya milimita 12, na hao ndio wenye maua ya mirija mirefu. Salvia nyingi zenye maua mekundu na marefu zimeumbika kwa ajili ya ndege. Nyuki wakizitembelea mara nyingi hutoboa tundu kwenye kitako cha ua na kunywa kwa pembeni bila kugusa chavua. Bustani nzuri ina mirija michache mirefu na maua mengi mafupi au bapa, ili kila mgeni apate chombo kinachomfaa, wakiwemo wale nyuki wadogo wapweke ambao si wa mzinga wowote. Duniani kuna takriban spishi 20,000 za nyuki, na wale wa asali ni kundi dogo mno kati yao.

Kisha rangi. Mwaka 1914 mtafiti Karl von Frisch alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba nyuki wa asali wanaweza kufundishwa kutambua kadi ya buluu kati ya kadi za kijivu, jambo lililobishiwa wakati ule. Leo tunajua macho yao yanapokea miali ya urujuanimno, buluu na kijani, lakini nyekundu tupu kwao ni giza. Ndiyo maana buluu, zambarau, njano na nyeupe hufanya kazi vizuri. Usiitupe nyekundu yote, hata hivyo: baadhi ya maua mekundu huakisi urujuanimno na nyuki huyaona kwa njia hiyo.

Yote haya yamepimwa bustanini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuhesabu wadudu kwenye aina 32 za mimea ya bustani inayochanua kiangazi. Kati ya aina iliyovutia wadudu wengi zaidi na ile ya mwisho, tofauti ilikuwa takriban mara 100. Boraji ilipendwa mno na nyuki wa asali. Lavenda chotara ziliwavuta nyuki kuliko lavenda za kawaida. Dalia zenye katikati iliyo wazi ziliziacha mbali dalia zilizofumbana. Pelagoniamu, ua linalojaza vibaraza dunia nzima, lilikuwa miongoni mwa yale ya mkiani. Zingatia kwamba yote hayo yanapendeza macho ya binadamu na yanahitaji maji na kazi inayolingana. Kuchagua vizuri hakukugharimu kitu cha ziada.

Mimea ninayoiamini

Kama pengo lako ni la wiki chache zijazo, tegemea mbegu za msimu mmoja. Bakwiti ndiyo ya haraka kupita zote: wiki 4 hadi 6 tangu kupandwa inaanza kuchanua, inatoa mbochi zaidi asubuhi, na inakubali udongo maskini. Tawanya gramu 6 hadi 8 kwa mita ya mraba, funika kwa sm 2 ya udongo. Ubaya wake ni kwamba inalala ikipigwa na upepo, na baridi kali inaiua mara moja.

Faselia inakuja baada yake, wiki 6 hadi 8. Maua yake ya buluu ya zambarau yamejikunja kama mkia wa ng'e na yanafunguka kidogo kidogo, kwa hiyo kishada kimoja kinalisha kwa muda mrefu. Gramu 1 hadi 2 zinatosha mita ya mraba. Changanya mbegu na kikombe cha mchanga mkavu ili zisambae sawa, na uzifukie kwa nusu sentimita hadi sm 1, maana huota vizuri zaidi gizani. Zilizoachwa juani nyingi zinakaa bure.

Boraji inahitaji takriban wiki 8. Ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, kwa hiyo haipendi kuhamishwa: panda mbegu mahali pake, kina cha sm 1 hadi 1.5, kisha punguza miche mpaka ibaki mmoja kila sm 30 hadi 45. Ua lake linainama chini, na mvua haimwagi mbochi. Linajaza mbochi upya upesi baada ya kunyonywa, ndiyo sababu kichaka kimoja kinaonekana hakiachwi. Itakua kubwa kuliko unavyotarajia na itadondosha mbegu zitakazoota zenyewe msimu unaofuata. Kwangu hiyo ni faida, ila ukitaka tuta la mistari iliyonyooka, uipande pembeni.

Kosmosi na zinia za safu moja huchukua wiki 8 hadi 10, na zinaendelea kuchanua ukizikatia maua yaliyokwisha. Kosmosi usiilishe. Ikipewa samadi nyingi inapanda mita moja na nusu ya majani yaliyotawanyika na maua matatu, kwa sababu naitrojeni inausukuma mmea kujenga majani badala ya kuzaa. Zinia ina adui mmoja mkubwa, ukungu mweupe wa majani. Ipe nafasi ya sm 25 hadi 30 na uimwagilie chini shinani.

Alizeti inajulikana kwa kila mtu, na watu huikosea kwa namna moja. Kuna alizeti zilizozalishwa kwa ajili ya vyombo vya maua zisizo na chavua, ili zisichafue meza. Zina mbochi, lakini hazina protini. Pakiti ikisema haina chavua, iache. Chagua pia aina yenye matawi badala ya shina moja. Kichwa kimoja kikubwa kinachanua kuanzia pembeni kuelekea katikati kwa siku chache tu na kwisha. Yenye matawi inafungua vichwa vidogo kwa zamu wiki kadhaa.

Kwa pengo litakalojirudia kila mwaka, panda mimea ya kudumu. Lavenda ya kawaida, Lavandula angustifolia, inachanua mapema na inakaa fupi. Panda kwa sm 30 hadi 45. Chotara zake, Lavandula × intermedia, ni kubwa, zinachelewa kuchanua, na mara nyingi huangukia kwenye wiki zilezile za njaa. Zipe sm 75. Aina ya Grosso inapatikana kirahisi na ni chaguo ambalo singeogopa kumshauri mtu yeyote mwenye udongo unaopitisha maji. Nepeta inavumilia zaidi kuliko lavenda, na ukiifyeka yote mpaka sm 10 baada ya maua ya kwanza, inachipua na kuchanua tena. Ekinasea inasimama kwenye joto la katikati ya kiangazi. Agastake inapendwa na nyuki wa ndimi fupi na ndefu. Sedamu ndefu inafunga msimu: vichwa bapa, majani yanayohifadhi maji, nyuki wanatembea juu yake bila hata kuruka.

Usidharau viungo vya jikoni. Mrehani, thaimu, oregano, mnanaa na giligilani vikiachwa vichanue ni karamu, na makosa ya wakulima ni kuvikata kila vinapotaka kutoa ua. Gawa: mistari miwili ya kula, mmoja wa nyuki. Mrehani wa kawaida ukishazaa mbegu unachoka. Lakini kuna chotara inayouzwa kwa jina la African Blue, iliyotokana na Ocimum kilimandscharicum, ambayo haizai mbegu na kwa hiyo inaendelea kuchanua mfululizo mpaka baridi kali iizuie. Kwa kuwa haina mbegu, unaizidisha kwa vipandikizi: kata ncha ya sm 10 isiyo na ua, toa majani ya chini, iweke majini, badilisha maji kila siku mbili, na mizizi itatokea ndani ya wiki mbili au hivi.

Kuna mimea inayovutia wadudu ambayo nisingeipanda bila kuuliza kwanza. Lantana imevamia maeneo makubwa ya nchi za joto, na budleya imefanya hivyo kwenye nchi za baridi. Zote mbili hazikai kwenye tuta ulilozipangia. Uliza kama mmea uko kwenye orodha ya mimea vamizi ya unakoishi.

Aina chache, mafungu makubwa

Hapa ndipo ninapotofautiana na pakiti za mchanganyiko wa mbegu za nyuki. Mfuko wenye aina 25 unavutia kwa maelezo, lakini ukiutawanya kwenye mita mbili za mraba unapata mimea miwili ya kila kitu, mirefu ikiziba mifupi jua, na aina zinazomaliza maua kwa pamoja. Nyuki wa asali katika safari moja hushikamana na aina moja ya ua. Akianza na boraji anatafuta boraji, na kila anapolazimika kuruka mbali kutafuta lingine anachoma nishati aliyokuja kuikusanya. Fungu la mita moja ya mraba la aina moja linamwezesha kutembea ua hadi ua.

Hesabu yake ni hii. Kwa nafasi ya sm 30, mita ya mraba inachukua miche 9 hadi 11. Kwa sm 45, mitano. Kwa sm 75, miwili. Kipara cha mita 2 kwa mita 1.5 ni mita 3 za mraba, na ningekigawa hivi: mita moja ya nepeta, miche mitano, mita moja yenye miche miwili ya lavenda chotara nyuma na sedamu kadhaa mbele, mita ya mwisho ya boraji au faselia, nusu yake ikipandwa leo na nusu baada ya wiki 3. Mwaka wa kwanza mimea ya kudumu itakuwa midogo na udongo kati yake utaonekana, kwa hiyo rusha faselia humo. Usisogeze lavenda karibu ili tuta lionekane limejaa mapema. Mwaka wa tatu zitabanana, katikati kutakosa hewa, na zitaanza kufa kuanzia ndani.

Ukiwa na nafasi ndogo kuliko hiyo, punguza aina, usipunguze fungu. Aina mbili zilizopandwa vizuri zinawafaa nyuki kuliko aina tisa za mche mmojammoja. Na hata tuta dogo lina kazi kubwa, kwa kuwa nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa lakini nyuki wengi wadogo wapweke hawaendi zaidi ya mita mia chache kutoka kwenye kiota.

Kupanda kukiwa na joto

Wakati mzuri wa kupanda mimea ya kudumu ni kabla ya joto, lakini kipara huonekana joto likiwa limeshafika. Inawezekana, ukifuata utaratibu. Kwanza, kitaluni, geuza chungu na utoe mche taratibu. Ukiona mizizi imejizungusha kama kamba kuzunguka udongo, chagua mwingine; mizizi hiyo huendelea kuzunguka hata ikiwa ardhini na mche unanyauka ukiwa umezungukwa na udongo wenye maji. Usivutwe na mche uliojaa maua. Wenye vichipukizi na majani mengi utakulipa zaidi.

Panda jioni. Zamisha chungu chote kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe. Jaza shimo maji, yazame, ndipo uweke mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye chungu, ukiwa umeilegeza mizizi ya chini kwa vidole. Shindilia kwa mkono, mwaga lita 3 hadi 5, tandaza matandazo ya sm 5 lakini uache sm 5 wazi kuzunguka shina ili lisioze. Kata maua yote yaliyopo. Inauma, lakini mche wenye maua unapeleka sukari juu wakati mizizi ndiyo inayoihitaji. Tia kivuli cha tawi au kitambaa chepesi kwa siku 5 hadi 7.

Mbegu za kiangazi hufa zaidi kwa kukauka baada ya kuota. Chimba mfereji, umwagilie mfereji wenyewe mpaka maji yakome kuzama haraka, panda, kisha funika kwa udongo mkavu. Udongo mkavu juu unazuia unyevu wa chini usipotee. Ukimwagilia juu ya mbegu, udongo hutengeneza ganda na mche mchanga unakwama chini yake.

Baada ya hapo, mwagilia kwa kina na kwa nadra: lita 10 hivi kwa mita ya mraba mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni, kwa sababu unyunyizaji unafundisha mizizi kukaa juu ambako joto litaikuta. Mbochi ni maji yenye sukari. Mmea wenye kiu huonekana umechanua lakini maua yake hayana kitu. Ukiona nyuki wanatua na kuondoka mara moja kwenye mmea waliokuwa wakiupenda wiki iliyopita, chimba kwa kidole sm 5 uangalie kama udongo umekauka.

Weka pia sahani ya maji yenye kokoto zilizochomoza juu ya uso wa maji, kivulini kidogo, na uyabadilishe kila siku. Na usifunike kila sehemu kwa matandazo: spishi nyingi za nyuki huchimba viota ardhini. Acha kipande cha udongo mtupu kinachopata jua, hata cha upana wa nusu mita.

Sumu inayokuja na mche

Unaweza kuchagua kila kitu kwa usahihi na bado ukapanda chakula chenye sumu. Viuadudu vya aina ya neonikotinoidi husafiri ndani ya mmea mzima mpaka kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati ya hivyo, imidakloprid, klothianidini na thiametoksamu, kwa matumizi ya nje mwaka 2018, lakini katika nchi nyingi bado vinauzwa. Muulize muuza miche alipulizia nini, au alichanganya nini kwenye udongo wa chungu. Asipoweza kujibu, nunua mbegu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ninayopendelea mbegu na vipandikizi kwa tuta la nyuki.

Wewe nawe usipulizie mmea ulio na maua wazi. Hata sabuni na mafuta ya mimea humuua nyuki vikimpata mwilini. Vidukari kwenye alizeti ondoa kwa mkondo wa maji, asubuhi, siku mbili au tatu mfululizo. Ikibidi kupuliza kitu kwenye mmea ulio karibu na huo, ngoja jioni nyuki wote wakiwa wameondoka.

Kurefusha msimu kwa mkasi

Ekinasea, sedamu na agastake zinaweza kuchanuliwa kwa zamu bila kununua mche hata mmoja. Kabla vichipukizi vya maua havijatokea, kata theluthi ya juu ya nusu ya mashina, yale ya mbele. Mashina uliyoyaacha yatachanua kwa wakati wake, uliyoyakata yatachipua matawi na kuchanua wiki 2 hadi 4 baadaye, mafupi na yasiyoanguka. Ukikata kichwa chote cha mmea kwa pamoja unasogeza tu pengo mbele.

Zinia na kosmosi zikate maua yaliyokwisha kila baada ya siku tatu au nne, ukishuka mpaka kwenye jozi ya majani yenye chipukizi. Lavenda ikate mara tu maua yanapofifia, theluthi ya kijani, na usifike kwenye mti mkavu wa kahawia usio na majani, kwani kutoka hapo mara nyingi haichipui tena. Mwisho wa msimu usiifyeke bustani yote hadi ardhini. Acha mashina yenye uwazi ndani yakiwa na urefu wa sm 30 hadi 40. Baadhi ya nyuki wapweke hutaga ndani yake, na vizazi vyao hutoka msimu unaofuata. Mbegu za boraji na faselia zikusanye zikiwa zimekauka zenyewe kwenye mmea, zianike kivulini wiki moja, na uziweke kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa jina na wiki ambayo mmea ule ulianza kuchanua.